Photoshop inakwama? Angalia disiki kabla ya kununua ordinatere mpya

Mteja ameketi mlangoni, anangoja afishi ya ndoa. Picha ni nzito, tabaka zimekuwa nyingi, na ghafla Photoshop inakwama. Ujumbe unatokea kwenye skrini: « disques de travail » zimejaa. Katika studio ndogo za Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, wazo la haraka ni kutafuta pesa za ordinatere nyingine. Lakini huenda shida iko kwenye disiki tu.

Unapofungua kazi, Photoshop inaiweka kwanza kwenye memori, yaani RAM. Memori isipotosha, sehemu iliyobaki inaandikwa kwenye disiki. Hiyo ndiyo « disque de travail ». Usipochagua kitu, programu inachukua disiki ile ile yenye Windows, na hapo vyote viwili vinagombania mlango mmoja.

Kosa moja linarudia sana: kugawa disiki moja kuwa C na D, halafu kupeleka kazi ya Photoshop kwenye D. Kwa disiki inayozunguka, hiyo haisaidii. C na D ziko ndani ya chombo kimoja, na kichwa kinachosoma kinakimbia huku na huko.

Dawa ni SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Disiki ya zamani inasoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA inafikia karibu 500, na ile ya NVMe inapita 1.500. Kwenye laptop ya zamani yenye sehemu ya DVD, fundi anaweza kuitoa sehemu hiyo na kupata nafasi ya disiki ya pili. SSD inachukua mahali pa disiki kuu, na ile ya zamani inabaki kutunza kazi zilizokwisha.

Kisha ingia « Édition », « Préférences », « Disques de travail ». Weka alama kwenye SSD, ondoa kwenye disiki ya zamani, funga Photoshop na uifungue tena. Kama una SSD mbili, chagua ile isiyo na Windows. Acha nafasi tupu ya kutosha, kwani kazi kubwa inaweza kula makumi ya gigabaiti. Fleshi ya USB usiiweke hapo: ni ya polepole, na ikichomolewa programu inaweza kuanguka.

Jambo la mwisho ni umeme. Kilicho kwenye « disque de travail » si kazi iliyohifadhiwa. Photoshop inajiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Kwenye « Gestion des fichiers » unaweza kupunguza ziwe 5. Hata hivyo, zoea kubonyeza Ctrl na S kila mara. Umeme ukikatika, mteja atangoja kidogo, lakini hutaanza upya.