Goma: ramani iko kichwani, lakini kata yako unaijua?

Mjini Goma, mtu anayepanda pikipiki hasemi namba ya nyumba. Anasema: "Papa, unipeleke Birere", ama "Utaniacha pa Signers". Motari anaelewa, wanapatana bei, safari inaanza. Hakuna anayefungua ramani.

Lakini ukitafuta Birere katika orodha ya kata 18 za mji, zilizogawanywa kati ya komine mbili za Goma na Karisimbi, hautaipata. Birere ni jina la watu. Kwenye karatasi za serikali, anayelala Birere ni mkaaji wa kata yenye jina lingine. Siku za kawaida hilo halisumbui mtu. Siku ya hatari, linaweza kugharimu maisha.

Tabia hii si ya Goma peke yake. Mwaka 1960, Kevin Lynch, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alitoa kitabu baada ya kuuliza wakaaji wa Boston, Jersey City na Los Angeles namna wanavyouona mji wao. Aliona kwamba watu hushika mambo matano: njia wanazopita, mipaka inayowazuia, mitaa yenye sura yake, makutano, na alama zinazoonekana.

Mkaaji wa Goma ana yote matano. Njia ni barabara ya Sake na ile ya Rutshuru. Mipaka ni ziwa Kivu, uwanja wa ndege, pamoja na Grande Barrière na Petite Barrière upande wa Gisenyi. Mtaa wenye sura yake ni Birere, na biashara zake. Makutano ni Signers. Alama ni sanamu ya Chukudu, yule kijana anayesukuma kinga-kinga ya mbao yenye magurudumu mawili. Na juu ya yote kuna volkano ya Nyiragongo upande wa kaskazini na ziwa upande wa kusini. Hata mtoto anajua kupanda ni wapi na kushuka ni wapi.

Ramani hiyo ya kichwani ina nguvu. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaukata vipande viwili na kuingia ziwani. Ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege na mitaa ya biashara, na kuharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makao. Hata hivyo, wengi walirudi baada ya siku chache na kuanza kujenga juu ya mawe meusi. Pale ambapo barabara na viwanja vilikuwa vimezikwa, kilichobaki ni yale watu waliyoyakumbuka.

Miaka 19 baadaye, hali ilikuwa tofauti. Volkano ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na mji. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kata 10 zihamwe, kwa hofu kwamba kulikuwa moto chini ya mji na chini ya ziwa. Alitaja Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Kahembe, Mapendo, Mikeno na Les Volcans. Watu walielekezwa Sake.

Katika majina hayo kumi, Birere haimo. Signers haimo.

Amri ya namna hiyo inamtaka kila mtu ajue jambo moja: kata yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Lakini mpaka wa kata hauna ukuta. Mara nyingi ni avenyu tu, jirani wa upande huu yuko kata moja na wa ng'ambo yuko kata nyingine. Anayejua mji kwa majina ya masoko na mizunguko anaweza kusikia redio vizuri na bado asijue kama anaambiwa yeye.

Shida ni kubwa zaidi kwa mgeni. Kwa miaka mingi Goma imepokea watu waliokimbia vita kutoka Rutshuru, Masisi na kwingineko. Wao hawakukulia na ramani ya wenyeji, na hata majina ya kata hawayajui. Mgonjwa akizidiwa usiku, ama nyumba ikiwaka moto, watamwelekeza nani, na kwa jina gani?

Hakuna sababu ya kutupa majina ya watu. Birere itabaki Birere, na wamotari wataendelea kuielewa. Ila kila jamaa inaweza kuongeza majina matatu kwenye ramani yake: kata, avenyu, na shefu wa nyumba kumi. Waulize leo, uyaandike kwenye simu na nyuma ya mlango, na watoto wayakariri kama wanavyokariri jina la baba yao. Nao viongozi, wakitoa tangazo la hatari, waseme kata na pia waseme Birere, ili kila mtu ajisikie ametajwa.