Kushona vitambaa vya viti vya gari: nafuu ipo, lakini si kwa kila kiti

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani huchakaa kiti cha dereva mapema, hasa ubavuni anapoteleza kuingia na kutoka. Kuagiza kitambaa cha aina ile ile nje ya nchi huchukua muda, na gari lililosimama haliingizi kitu. Ndiyo maana kazi hiyo huishia kwa fundi viti wa mjini, mwenye cherehani, leksini na sponji.

Kitambaa cha zamani kisitupwe, maana ndicho pateni. Hufumuliwa kwa wembe, kila kipande hupewa namba na alama za pale kilipoungana na mwenzake, kisha huchorwa juu ya leksini mpya. Tatizo ni kwamba kitambaa cha dereva huwa kimevutika. Fundi mzuri hukilinganisha na cha abiria wa mbele, ambacho kwa magari mengi ni kile kile kilichogeuzwa. Anayekadiria kwa macho hukuachia mikunjo.

Uzi nao una gharama yake. Wa pamba huoza kwa jasho na jua; wa polista hudumu. Mishono ikibanana mno, sindano hutoboa leksini kama stempu, nayo huchanika papo hapo. Cherehani ya nyumbani inafaa kwa kifuko cha gia, lakini tabaka tatu za leksini huishinda.

Hata hivyo, kuna kiti ambacho nafuu hiyo haifai. Kama ubavuni pana maandishi AIRBAG, ndani mna mfuko wa hewa unaotokea kwenye mshono uliofanywa dhaifu kwa makusudi. Ukiushona kwa uzi mgumu, siku ya ajali mfuko unaweza kuchelewa au kutokea kusikotakiwa. Aidha, sponji ya godoro haikutengenezwa kwa ajili ya gari. Kanuni ya Marekani, kwa mfano, inataka vifaa vya ndani visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

Kwa mfanyabiashara, vitambaa vilivyokwisha kuvishwa ni sehemu ya gari, lakini vikifungwa robota ni bidhaa. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili, iwapo bidhaa imezalishwa katika nchi mwanachama na imo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, si kodi zote.

Jora la leksini lililotoka China haliwi la Afrika Mashariki kwa kupitia Dar es Salaam au Mombasa. Iwapo kukata na kushona kunatosha kulipa uasili, hilo huamuliwa na kanuni za uasili. Liulizwe forodhani kabla ya kupakia, stakabadhi za leksini na uzi zikiwa mkononi.