Nani aliking'oa kibao?

Filamu ya Hidden Figures, iliyotoka mwishoni mwa 2016, ina kipande ambacho watazamaji wengi hukikumbuka kuliko hesabu zote zilizomo. Katherine Johnson, mwanahisabati Mweusi wa shirika la anga la Marekani, NASA, hana choo cha kuingia karibu na ofisi yake. Kila anapobanwa na haja hutoka mbio, mafaili kifuani, hadi jengo jingine lililo kama mita 800 kutoka hapo. Bosi wake Mzungu, Al Harrison, anapokuja kulijua hilo, anashika mtarimbo na kukipiga kibao cha choo cha wanawake Weusi mpaka kinaanguka, huku wafanyakazi wamesimama wakimtazama.

Al Harrison hakuwahi kuwapo. Ni mhusika wa kubuni, aliyeungwa kutokana na wakubwa kadhaa wa kituo cha Langley, Virginia. Na mbio zile hazikuwa za Katherine. Kwa miaka aliingia vyoo vya Wazungu vya jengo alimofanyia kazi, ambavyo havikuandikwa kitu mlangoni. Mwanzoni hakujua kwamba vinawahusu wengine tu. Alipolalamikiwa, akaendelea kuingia vilevile. Aliyeuliza choo kilipo akaambulia kuchekwa ni mwenzake, Mary Jackson.

Lakini Langley alikuwapo mtu aliyeking'oa kibao kweli. Aliitwa Miriam Mann, mmoja wa wanawake Weusi walioajiriwa kukokotoa hesabu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika mkahawa wa wafanyakazi, meza yao ilikuwa imewekewa kibao cha kuwatenga. Mann akakichukua, akakitia mkobani, akaenda zake. Kikawekwa kingine, nacho akakichukua. Ikawa hivyo mpaka waliokuwa wakikiweka wakachoka wao. Kisa hicho kimo katika kitabu cha Margot Lee Shetterly, ambacho ndicho kilichozaa filamu hii. Katika filamu hakimo.

Ili kuelewa kwa nini, tazama shida ya mwandishi wa skripti. Bondia ana ulingo na mwanamuziki ana jukwaa, ila mtu anayekokotoa njia ya chombo cha anga amekaa mezani wiki nzima na penseli. Hapo hakuna cha kupiga picha. Ndiyo maana filamu za wanasayansi zimejaa ubao mrefu wa chaki, ngazi ya kuupandia, korido za kukimbilia na mlango unaofungwa usoni. Tena mgogoro unatakiwa umalizike papo hapo, mtazamaji akiona. Ukaidi wa Mann, uliorudiwa siku baada ya siku, hauingii kirahisi katika mtindo huo. Huo ndio utetezi wa kiufundi, na kwa hapa naona hautoshi. Mwanamke anayeficha kibao mkobani mchana kweupe, mkahawa umejaa watu, ni tukio zuri la sinema kwa kipimo chochote. Kilichofanyika ni kwamba ushindi alioupata mwanamke Mweusi kwa mkono wake umehamishiwa kwa bosi ambaye hakuwapo.

Muda nao hubanwa. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Kabla ya kuruka aliomba Katherine ahakikishe kwa mkono namba zilizotolewa na kompyuta, na hilo ni kweli kabisa. Filamu inaliweka ombi hilo dakika za mwisho, roketi ikisubiri. Katherine anakokotoa haraka haraka, kisha anakimbilia chumba cha uongozaji. Kwa kweli ombi lilikuja wakati wa maandalizi, na kazi ilimchukua siku moja na nusu kwenye mashine ya mezani, namba baada ya namba, hadi majibu yakalingana. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba kipaji ni kasi, wakati kilichomfanya Glenn amwamini ni uangalifu wake.

The Imitation Game ya 2014 ina tabia hiyohiyo. Mwanahisabati Alan Turing, aliyefumbua misimbo ya Wajerumani vitani, anamwandikia waziri mkuu Churchill peke yake na kupewa uongozi wa kazi hiyo. Barua halisi ya Oktoba 1941 ilisainiwa na watu wanne, na walichoomba ni wafanyakazi zaidi.

Nirudi kwa Glenn, kwa sababu kuna jambo linalotuhusu. Filamu inaifanya safari ile ionekane kama kazi ya vyumba viwili vitatu vya Marekani. Chombo chake kilifuatiliwa na mlolongo wa vituo kuanzia Bermuda hadi Australia, na kimojawapo kilikuwa Unguja. Katika mzunguko wa kwanza, akitoka anga ya Kano, Nigeria, Glenn alizungumza kwa redio na watu waliokuwa Zanzibar. Kituo hicho kilizua mabishano makali ya kisiasa visiwani, na kikaondolewa 1964 baada ya Mapinduzi. Wapo wazee wa Unguja wanaokumbuka siku hizo. Mtayarishaji wa filamu anayetafuta kisa cha sayansi chenye mgogoro ambao haumlazimu kubuni bosi, aanze kwa kuwahoji hao.