Utangulizi: Mtawala na Wanaomwazima Mkono

Kama uko Kampala, anzia Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lile lenye ukuta wa matundu, lililofunguliwa mwaka 1959. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya Kiganda, ndiye aliyekuwa akiliongoza zama za Idi Amin. Mapema mwaka 1977 kikundi chake kilipeleka mchezo wa Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la FESTAC, Lagos. Muda mfupi baadaye alikamatwa, akauawa. Siwezi kulifundisha somo hili la fasihi kuhusu udikteta bila kumtaja yeye kwanza. Mwenzake, Robert Serumaga, alikuwa ameshika njia nyingine: katika mchezo wa Amayirikiti (1974) maneno karibu hayapo, wachezaji wanasimulia mauaji kwa miili na vilio. Nani angemshitaki kwa sentensi ambayo haikutamkwa?

Wanafunzi wapya hukimbilia kumtazama dikteta mwenyewe, medali zake na ukatili wake. Nawaelewa. Lakini mtu huyo peke yake hawezi kitu. Watazame wanaomwazima mkono. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), anayemshitaki mhusika mkuu, Karama, si mfalme, ni waziri aitwaye Majivuno, na kosa lenyewe ni kufundisha uanasheria. Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Shaaban aliandika chini ya Mwingereza, akaining'iniza nchi ya hadithi yake angani, mahali ambapo afisa wa kikoloni asingeikuta kwenye ramani.

Guatemala nayo ina mwandishi Miguel Ángel Asturias. Riwaya yake El Señor Presidente (1946) inaanza na ombaomba wanaolala barazani pa kanisa. Mmoja wao, mwenye wazimu, anamuua kanali. Mwanasheria wa jeshi hautaki ukweli huo. Anataka majina ya watu wengine, na ombaomba wanateswa mpaka wayataje. Kipofu asiye na miguu anakataa kusema uongo, anafia mikononi mwa watesaji. Rais hata hajaonekana bado! Kila mwaka nikifika ukurasa huo darasani, sauti hunikauka.

Basi anza na kesi ya Karama. Mara ya kwanza isome kwa utamu wa kisa. Mara ya pili shika kalamu, utie alama kila mahali ambapo wakuu waliokaa barazani wananyamaza.