Shombo Ambayo Sabuni Haiiondoi

Siku za kliniki hapa Babati yupo mama anayesubiri wenzake wote watoke, ndipo asogee mezani na kunong'ona: "Sista, ninanuka shombo kama ya samaki, hasa baada ya kukutana na mume wangu." Mara nyingi amekwisha kujiosha ndani kwa sabuni, na nyumbani amekwisha kushutumiwa kuwa ana bwana mwingine.

Tuchukue mfano wa kibuyu cha maziwa. Maziwa huganda kwa kazi ya bakteria wanaotengeneza asidi, na uchachu huo huzuia wadudu wa kuyaozesha. Ukeni nako wamo bakteria wa ukoo huohuo, nao ni walinzi. Wakipungua, wengine huzidi, na mama hutokwa na uchafu mwepesi wa kijivu wenye shombo. Fangasi ni kitu kingine: huwasha sana na haina shombo, na dawa yake haitibu hali hii. Wala hali hii peke yake si ushahidi wa uzinzi.

Kujiosha ndani huwafukuza walinzi. Huko Mombasa, utafiti wa miaka 10 uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wanawake waliojiosha ndani, hata kwa maji matupu, walipata VVU zaidi ya wasiojiosha.

Kwa mama ambaye tayari ana VVU, uzito unaongezeka. Mwaka 2012 watafiti waliofuatilia wanandoa wa nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo, walieleza kuwa wanawake wenye hali hii waliwaambukiza waume zao zaidi ya mara 3 kuliko wasio nayo. Hao walikuwa hawajaanza ARV. Mama anayemeza ARV mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mumewe kwa kujamiiana. Hata hivyo atibiwe, kwani kwa mjamzito hali hii yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Dawa ya kawaida ni metronidazoli kwa siku 7. Usikatishe shombo ikiisha siku ya tatu, na usinunue dukani kabla ya kupimwa, maana yapo magonjwa ya zinaa yanayofanana nayo.

Tatizo ni kwamba hurudi. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitangaza kuwa mke akitibiwa peke yake, ilirudi kwa wanawake 63 katika kila 100 ndani ya wiki 12. Mume alipotibiwa pamoja naye, kwa 35. Kina baba siwaoni sana kwenye benchi letu. Nafasi ipo.