Miwani Inayosikiliza Njia

Na Mwandishi Wetu

Picha hii si ngeni katika miji yetu. Mtu mzima asiyeona ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na mtoto anayetangulia. Mtoto hutazama magari, hukwepa mitaro, na humwonya mzee kila panapotokea ngazi. Wapita njia humhurumia mzee. Ni wachache wanaojiuliza mtoto yule alipaswa kuwa wapi saa hiyo, na mara nyingi jibu ni shuleni.

Kwa hiyo suala la kutembea kwa mtu asiyeona haliwahusu wasioona peke yao, bali linaihusu familia nzima. Asiyeweza kutoka nyumbani bila kushikwa mkono hawezi kwenda kazini, sokoni, msikitini wala kanisani kwa wakati autakao. Na yule anayemshika mkono naye amefungwa. Wataalamu wa macho waliokusanya hesabu za dunia nzima walikadiria kuwa mwaka 2020 palikuwa na vipofu wapatao milioni 43. Ndiyo sababu, kwa zaidi ya miaka 60 sasa, wahandisi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitafuta chombo cha kuvaa mwilini kitakachomwonya asiyeona kabla hajajigonga.

Makala haya yanaeleza jinsi vyombo hivyo vilivyoanza, jinsi vinavyofanya kazi, na kwa nini, pamoja na ustadi wote uliotumika, fimbo nyeupe bado haijapata mpinzani.

FIMBO NA UPUNGUFU WAKE

Fimbo ndefu tunayoiona leo ilipata taratibu zake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Richard Hoover alipewa kazi ya kuwafundisha askari waliopofuka vitani. Kabla yake fimbo ya kipofu ilikuwa fupi, ya kujiegemeza au ya kuwatambulisha wengine kwamba mwenye nayo haoni. Hoover aliirefusha, akaifanya nyepesi, kisha akafundisha namna ya kuipeleka kushoto na kulia kwa mpango, ikigusa chini mahali ambapo mguu utakanyaga hatua inayofuata. Fimbo ikawa kidole kirefu kinachopapasa ardhi.

Lakini kidole hicho hupapasa chini tu. Tangu kiunoni hadi kichwani mwili hauna ulinzi. Tawi la mti lililoinama, bati la kibanda lililochomoza, dirisha lililofunguliwa kwa nje, mbao zilizopita ukubwa wa lori lililoegeshwa kando ya njia: vyote hivi fimbo hupita chini yake salama salimini, na mwenye fimbo hupigwa usoni. Aliyepatwa na mkasa huo mara mbili tatu huanza kuogopa barabara. Upungufu huu ndio uliowapa wahandisi kazi.

MAFUNZO KUTOKA KWA POPO

Mwaka 1793 mtaalamu wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alishangaa kuona kwamba popo aliyepofushwa aliendelea kuruka bila kugonga kitu. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba popo akizibwa masikio ndipo anapopotea. Hakuna aliyeweza kueleza sababu, mpaka karibu na mwaka 1940, Donald Griffin na Robert Galambos wa Chuo Kikuu cha Harvard walipothibitisha kwamba popo hutoa sauti nyembamba mno zisizosikika na binadamu, kisha husikiliza mwangwi wake.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba binadamu naye ana kipaji kidogo cha namna hiyo. Kwa muda mrefu vipofu wengi walieleza kwamba wakikaribia ukuta huhisi kitu usoni, na watu wakaamini kuwa ngozi ya uso ndiyo inayotambua. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Michael Supa, Milton Cotzin na Karl Dallenbach, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Supa mwenyewe alikuwa haoni. Walipofunika nyuso za watu kwa kitambaa kizito, bado watu hao waliweza kutambua ukuta ulio mbele. Walipowaziba masikio, waliugonga. Kumbe kilichowaongoza siku zote ni mwangwi wa nyayo zao wenyewe.

Msomaji aliweke jambo hili akilini: sikio la asiyeona tayari linafanya kazi ya jicho. Ndilo lililokuja kuamua hatima ya vyombo vingi.

MIWANI YA LESLIE KAY

Mhandisi Leslie Kay wa Uingereza alikuwa bingwa wa vyombo vya kutafuta vitu kwa mwangwi. Katika miaka ya 1960 alitengeneza kwanza kurunzi ya kushika mkononi, ambayo badala ya mwanga ilitoa sauti zisizosikika. Baadaye alihamia New Zealand, katika Chuo Kikuu cha Canterbury mjini Christchurch. Huko ndiko alikokamilisha chombo kilichompatia sifa: miwani iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1970 kwa jina la Sonicguide.

Kwa kuitazama ilifanana na miwani ya kawaida yenye fremu nene. Katikati, juu ya pua, palikuwa na kitoa sauti. Kando yake palikuwa na vinasa sauti viwili, kimoja kikielekea kushoto na kingine kulia. Vijibomba vidogo vilipeleka sauti masikioni bila kuyaziba, na betri pamoja na mitambo mingine vilikaa katika kisanduku kidogo.

Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Ikigonga nguzo iliyo mita mbili mbele yako, mwangwi hurudi baada ya sehemu 12 hivi za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Sikio haliwezi kupima muda mfupi namna hiyo, lakini mtambo huweza. Miwani ya Kay iligeuza muda huo kuwa sauti ya kusikika: kitu kilicho mbali kilisikika kwa sauti nyembamba, na kadiri mtu alivyokikaribia sauti ilizidi kuwa nzito. Kitu kilicho kushoto kilisikika zaidi katika sikio la kushoto, na cha kulia vivyo hivyo. Tena nguzo laini ilitoa sauti safi, na kichaka chenye majani mengi kikatoa sauti ya kuchakacha. Mtu aliyefunzwa vizuri aliweza kutofautisha mti na ukuta kabla ya kuvigusa.

Chombo hicho kilijaribiwa hata kwa watoto wachanga. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, T.G.R. Bower, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alimvisha mtoto mchanga asiyeona chombo cha aina hiyo, naye akaeleza kwamba mtoto alianza kunyoosha mkono kufuata vitu vilivyosogezwa mbele yake. Habari hiyo iliamsha matumaini makubwa kwa wazazi. Watafiti waliofuata walipata matokeo mchanganyiko, na jambo hilo halikugeuka kuwa tiba ya wote kama ilivyotarajiwa.

KWA NINI HAIKUENEA

Miwani ya Kay ilisifiwa sana, lakini haikupata kuwa chombo cha watu wengi. Bei yake ilikuwa kubwa. Mafunzo yake yalihitaji mwalimu na muda mrefu. Lakini sababu ya tatu ndiyo yenye somo zaidi: iliingia katika sikio ambalo lilikuwa na kazi tayari.

Asiyeona anayesubiri kuvuka barabara husikiliza mengi kwa pamoja. Husikia gari linalopunguza mwendo, pikipiki inayotokea kichochoroni, nyayo za watu waliokwisha anza kuvuka, na mwangwi unaomjulisha kwamba ukuta umekwisha na njia panda imeanza. Ukimwekea sauti nyingine isiyonyamaza, unampa taarifa moja na kumpunguzia nyingine kumi. Chombo chaweza kumwonyesha nguzo na kumficha pikipiki.

Kwa sababu hiyo wavumbuzi wengine waligeukia ngozi. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Lindsay Russell alikuwa ametengeneza Pathsounder, kisanduku cha kuning'iniza shingoni kikakaa kifuani, kilichokagua njia ya mwili wa juu na kutoa onyo tu pale kitu kilipokaribia. Huko New Zealand kikatokea Mowat Sensor, chombo cha kushika mkononi kilichotetemeka, na mtetemo wake ukizidi kasi kadiri kitu kinavyokaribia. Baadaye kanuni hiyo hiyo iliingia katika bangili ya Sunu, iliyobuniwa nchini Mexico na kuvaliwa kama saa. Nchini Japani kampuni ya Ashirase imetengeneza kifaa cha kuweka kiatuni, ambacho kwa kushirikiana na simu huutetemesha mguu kumjulisha mtu wapi pa kukata kona. Nchini Uswisi kampuni ya biped imeunda chombo cha kukaa mabegani chenye kamera na kompyuta, kinachopeleka maonyo kwa njia ya mifupa ya kichwa, masikio yakibaki wazi. Wote hao wamelitambua somo lile lile: sikio la asiyeona si mahali pa kujazwa kelele.

MFANO WA INDIA

Kwa nchi zenye kipato kama chetu, mfano wa karibu zaidi umetoka India. Wanafunzi na walimu wa chuo cha ufundi cha IIT mjini Delhi, wakiongozwa na Profesa M. Balakrishnan, walishirikiana kwa miaka na wasioona wenyewe, wakatengeneza SmartCane, iliyoanza kutolewa mwaka 2014. Hiki hakivaliwi mwilini. Ni mpini unaofungwa juu ya fimbo nyeupe ya kawaida, unaotambua vitu vilivyo juu ya magoti hadi umbali wa mita tatu, na kumwarifu mtumiaji kwa mitetemo mkononi. Bei yake ilipangwa iwe rupia 3,000 hivi, sehemu ndogo sana ya bei ya vyombo vya Ulaya na Marekani.

Busara ya Wahindi hao ni kwamba hawakuinyang'anya fimbo kazi yake. Waliiachia ardhi, wao wakaongeza ulinzi wa kifua na kichwa. Ni busara ya lazima, kwa kuwa vyombo vingi vya mwangwi vina udhaifu mkubwa mbele ya shimo. Sauti inayopelekwa mbele hurudi ikigonga kitu. Mtaro usiofunikwa hauna cha kuigonga. Vivyo hivyo kioo au ukuta ulioelekea upande huweza kuutupa mwangwi kando, na chombo kikanyamaza. Katika mji wenye mitaro iliyo wazi, anayeacha fimbo nyumbani kwa kuamini bangili anahatarisha maisha yake.

LA KUFANYA NYUMBANI

Familia nyingi zikisikia habari za vyombo hivi huuliza bei kwanza. Swali la kwanza lingekuwa: je, ndugu yetu ana fimbo inayomfaa kwa urefu, na amefundishwa kuitumia? Bila msingi huo chombo chochote ni pambo. Chama cha Wasioona Tanzania, pamoja na shule kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma na ya Irente wilayani Lushoto, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

La pili, anayemwongoza asiyeona asimvute wala kumsukuma. Amwache ashike kiwiko chake na kumfuata nusu hatua nyuma. Hapo atahisi kila kupanda na kushuka. La tatu, ndani ya nyumba viti na ndoo viwe na mahali pake, na milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, kwa kuwa mlango ulioachwa nusu ndio unaopasua paji la uso.

Na la nne linatuhusu sote tutumiao barabara. Mwenye duka anayetandaza bidhaa hadi katikati ya njia ya miguu, dereva anayeegesha gari juu yake, na fundi anayeacha mtaro bila mfuniko, huweka vikwazo ambavyo mhandisi wa Christchurch au Delhi hana namna ya kuviondoa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Basi sisi tuliojaliwa macho tuyatumie kuiacha njia wazi. Kazi hiyo haihitaji betri, na yaweza kuanza leo.