UFAFANUZI KUHUSU KUTENGENEZA PROGRAMU ZA KOMPYUTA KWA KAMPUNI YA NG'AMBO UKIWA NYUMBANI

Mtu anayekaa Kibaha au Kisarawe na kutengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni iliyoko London au New York hahitaji kusafiri. Kazi yake hupita katika intaneti, na malipo yake hupita benki. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba mtu wa namna hii yumo nje ya taratibu za nchi. Dhana hiyo si sahihi. Ufafanuzi huu unatolewa kwa wananchi wa Visiwani wenye watoto na jamaa waliohamia wilaya hizo za Mkoa wa Pwani, kwa wanaoifanya kazi hiyo hapa hapa, na kwa watumishi wanaoombwa ushauri.

Jambo la msingi ni kwamba mwajiri asiyekuwapo nchini kwa kawaida hakati kodi wala hachangii hifadhi ya jamii. Wajibu ambao hutekelezwa na ofisi ya mwajiri humwangukia mfanyakazi mwenyewe.

1. Kodi ya mapato

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu huhesabiwa kuwa mkazi akiwa na makao ya kudumu nchini na akawapo kwa sehemu yoyote ya mwaka, au akiwapo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, hata yale yanayotoka ng'ambo.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Kisarawe anayepata mshahara wa Sh. 2,000,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, hudaiwa Sh. 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kiasi kinachozidi Sh. 1,000,000, yaani Sh. 428,000. Asipoziweka kando, mwaka utakapokwisha atakuwa na deni la Sh. 5,136,000, mbali na riba na adhabu.

Hivyo basi, anapaswa kujisajili Mamlaka ya Mapato Tanzania, kukadiria mapato yake, na kulipa kwa awamu nne ifikapo mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha. Aliyekwisha kukatwa kodi ng'ambo atunze stakabadhi zake, kwani sheria ina utaratibu wa kuizingatia kodi hiyo.

2. Hifadhi ya jamii

Mshahara wa ng'ambo waweza kuwa mnono, lakini mkataba ukikatishwa mfanyakazi huyu hana akiba ya uzeeni isipokuwa ile aliyojiwekea. Kwa upande wa Bara, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea michango ya waliojiajiri. Kwa upande wa Visiwani, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa mwaka 1998, una utaratibu wa uchangiaji wa hiari.

3. Mkataba na malipo

Kabla ya kutia saini, mhusika ahakikishe mkataba unaeleza:

(a) kama yeye ni mwajiriwa au ni mtoa huduma anayejitegemea;
(b) sheria ya nchi gani itatumika endapo kutatokea mgogoro;
(c) programu anayoitengeneza itakuwa mali ya nani;
(d) siku ya malipo, aina ya fedha, na nani atabeba ada za benki;
(e) muda wa notisi.

Kupokea malipo ya dola kutoka nje si kosa. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutoza au kulipia bidhaa na huduma za humu nchini kwa fedha za kigeni.

4. Saa za kazi na mawasiliano

Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao. Kazi inayoanza jioni humaliza usiku wa manane. Familia ijulishwe mapema. Aidha, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika Afrika ya Mashariki. Ni vyema mkataba useme mapema nini kifanyike mawasiliano au umeme unapokatika.

5. Watumishi wa umma

Mtumishi mwenye ujuzi huu anakumbushwa kuwa saa za kazi, kompyuta na taarifa za ofisi ni mali ya umma. Asikubali kazi ya malipo nje ya utumishi kabla ya kupata ridhaa ya maandishi kutoka kwa mkuu wa taasisi yake.

Wananchi wenye maswali wanashauriwa kufika katika ofisi za Mamlaka ya Mapato au za Mifuko iliyotajwa, wakiwa na mkataba wao na taarifa za benki.